Mama Mkwe Yuko Juu, Hesabu Iko Ndani

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya makopo mawili ya rangi, kati ya kinyozi na kibanda cha fundi simu. Usiudharau ubao ule. Pale zimeangushwa serikali na kusimamishwa tena kabla kahawa haijapoa, na ndoa za watu zimepatanishwa na wanaume ambao wake zao wenyewe hawawasemeshi. Asubuhi hiyo ubao ulikuwa umejaa, na macho ya wote yalikuwa yakipanda na kushuka: yanapanda kwenye roshani ya nyumba ya ghorofa iliyo mkabala, yanashuka kwenye mapaja ya Mzunguko, fundi wa ngazi, aliyekuwa amepakata kalkuleta kuukuu kama mtu aliyepakata kuku mgonjwa. Kule juu roshani yuko mama mkwe wake. Huku chini yuko yeye. Katikati, ngazi hakuna.

— Hebu tueleze tena, alisema Ushahidi, kinyozi, aliyepewa jina hilo kwa sababu hasemi jambo bila kuapa kwamba ushahidi anao. Mteja wake alikuwa kitini, kichwa nusu kimenyolewa, nusu bado, naye ameshageuza shingo.

— Nimeshaeleza mara ngapi?

— Mteja huyu hakuwepo.

Mzunguko alishusha pumzi.

— Mke wangu aliniambia mama ametoka. Na kweli alikuwa ametoka. Nikaita juu, "Kuna mtu?"

— Ukasubiri jibu?

— Nyundo ilikuwa tayari mkononi.

— Mungu wangu, alisema mteja.

— Kumbe alikuwa amerudi kufuata miwani, akaona ajinyooshe kidogo kitandani. Mimi huku nikang'oa ngazi ya zamani kidato baada ya kidato, na hawa waungwana wakanisaidia kubeba.

— Tulibeba kwa moyo mmoja, alisema Mzee Breki, dereva aliyestaafu lori lakini hakustaafu kupiga honi.

— Basi mama anaamka, anafungua mlango, anaweka mguu...

— Sikuuweka! ilidondoka sauti kutoka roshani. — Ningeuweka, saa hizi mngekuwa mnatoka kunizika!

Vichwa vyote viliinama. Mzunguko, ambaye akisema na mama mkwe wake hutazama viatu vyake mwenyewe, alivisalimia viatu kwa adabu:

— Shikamoo, mama.

— Shikamoo yako nimeshaipokea tangu asubuhi. Ngazi ndiyo sijaipokea.

Mama yule hakuwa mtu wa kuchezewa. Ngazi ya kuegemeza ilikuwepo, tena imara, imesimamishwa nje mpaka kwenye roshani, maana ndani pameshajaa nguzo ya ngazi mpya na vidato vya chini alivyokwisha kuvipima na kuvifunga. Binti yake, mke wa Mzunguko, alikuwa akiipanda na kapu la chakula kila siku. Mama akakataa katakata kushuka nayo. "Nishuke kinyumenyume," alisema, "gauni linapepea, na mkwe wangu amekaa chini na genge lake wanakunywa kahawa? Nitashuka kwa ngazi ya nyumbani kwangu, uso mbele, kama nilivyopanda." Kisha akaongeza jambo lililomnyima Mzunguko usingizi: keshokutwa mdogo wake anakuja kumtembelea, na mgeni hapokewi kwa kupungiwa mkono kutoka juu. "Akinikuta huku kama nguo iliyosahaulika kambani, mimi na wewe, mkwe, hatutaelewana."

Nyumbani nako moto. Mke wake alikuwa hamsemeshi. Akiwa na neno anaiambia sufuria, na sufuria ndiyo inayotakiwa kumfikishia mume.

— Usijali, alisema Mzee Breki. — Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka.

— Huyu hakupanda, alisema Ushahidi. — Huyu alilala. Ngazi ndiyo iliyoshuka.

— Si uirudishe ile ya zamani kwa muda? aliuliza mteja.

Hapo ubao mzima ulikohoa. Birika, muuza kahawa, alilitazama jiko lake, akasogea akalikinga kwa miguu.

— Nilipewa kuni, alisema. — Sikuuliza kuni za wapi. Mti mkavu, unawaka vizuri. Hiyo unayokunywa sasa hivi ni vidato vya kati.

Mteja alikitazama kikombe chake, akakiweka chini taratibu.

Sasa utaniuliza, fundi mzima, kwa nini asimalize tu kazi yake? Ni hivi. Nyumba ile ilijengwa na mtu aliyeugua alipoona kona iliyonyooka. Hakuna pembe inayofanana na mwenzake, na ngazi ya mzunguko ndani yake kila kidato kina upana wake na mkato wake. Vipimo vile hutoka kwenye kalkuleta ya Mzunguko, ile aina ambayo unaipangia hesabu nayo inazishika. Aliinunua ujanani, akaitungia hesabu yake mwenyewe, na kila ngazi aliyojenga akairekebisha palipohitaji. Unaiingizia kimo, unaiingizia pembe za kuta, inakutolea kidato kimoja kimoja mpaka juu. Siku ile mama alipopiga yowe, fundi alikuwa amepanda juu ya nguzo, kalkuleta ikamponyoka. Haikufa. Kioo ndicho kilichokufa, kikamwaga wino wake wa ndani, kikawa cheusi tii. Hesabu imo, iko hai, na hakuna wa kuisoma.

— Lakini si uliitunga mwenyewe? alisema Ushahidi.

— Niliitunga.

— Itunge tena.

— Aliyeitunga alikuwa kijana mmoja mwembamba, akili inachemka, hana mtoto hana mkwe. Sijui siku hizi anaishi wapi.

Walicheka, naye akacheka, huku akiifuta kalkuleta kwa kiganja. Mle ndani zilikuwemo ngazi zake zote. Kila kosa alilowahi kufanya na kulisahihisha limo mle. Ikipotea hesabu ile, hatajenga tena ngazi ya mzunguko. Atabaki na ngazi zilizonyooka kama kila fundi, na jina lenyewe la Mzunguko itabidi alivue. Na betri ilikuwa inakaribia kukata roho. Kubadilisha haiwezekani, maana ukiitoa tu, kalkuleta inasahau kila kitu.

— Kama mimi nikivua miwani, alisema Mzee Breki. — Sasa nisikilizeni. Kuihamishia kwenye kompyuta ni kazi ndogo sana. Kunyonya.

— Kunyonya nini?

— Mafuta ya lori hutolewaje tangini? Kwa mpira. Unavuta kidogo kwa mdomo, mengine yanakuja yenyewe. Kalkuleta unaiweka juu, kompyuta unaiweka chini, unaunganisha waya. Kumbukumbu inateremka.

— Kumbukumbu haina uzito, alisema Birika.

— Haina uzito? Mbona mtu mwenye mengi ya kukumbuka anasema kichwa kizito?

Birika akamwaga kahawa kidogo mchangani ili aonekane ana shughuli.

— Na kadiri ilivyo juu ndivyo inavyoteremka kwa kasi, Mzee Breki aliendelea, sasa ameshika gia. — Tuipeleke kwa mama roshani, aishike, tushushe waya mpaka hapa kwenye ubao...

— Mniletee nini? ilisema roshani. — Chakula mnanipandishia kwa kapu, sasa mnataka nifuge na kalkuleta?

— Utani tu, mama, Mzunguko aliviambia viatu.

— Mzee Breki, kwa heshima zote, huo ni uongo, alisema Ushahidi, mashine ya kunyolea inazunguka hewani bure. — Kumbukumbu ikipata joto inayeyuka. Ndiyo maana mtu akiwa na homa anaropoka. Ushahidi ninao: shemeji yangu. Aliropoka mambo ya watu watatu usiku mmoja. Dawa yake ni friji. Unaiweka kalkuleta igande mpaka ndani. Asubuhi unafungua mfuniko, unaigonga kidogo mgongoni, kumbukumbu inatoka nzimanzima kama kipande cha barafu. Unaipachika juu ya kompyuta. Kompyuta ikipata moto, inayeyukia ndani.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Mzee Breki. — Kwa hiyo iwekwe kwenye friji sasa hivi.

— Nyinyi mnatumia mabavu! alisema Birika. — Kitu kama hiki kinabembelezwa. Kalkuleta na kompyuta ni ukoo mmoja. Kalkuleta ndiyo bibi, kompyuta ni mjukuu. Bibi zenu mliwanyonya hadithi kwa mpira? Mliwagandisha? Mlikaa karibu, mkanyamaza, wakasema wenyewe. Waweke chumba kimoja, zima taa, funga mlango. Bibi ataanza.

— Kwa lugha gani? aliuliza mteja.

— Ya tarakimu. Moja, sifuri, moja, sifuri. Ulidhani wataongea habari za mvua?

Mlango wa kibanda ulifunguka. Dada Waya, fundi simu, alitokeza na kompyuta mpakato chini ya kwapa, kichwa amekifunga kitambaa, moshi wa risasi ya kulehemu unamfuata nyuma.

— Birika amekaribia kupatia, alisema.

Ubao mzima uligeuka kumtazama Birika. Birika mwenyewe akageuka nyuma, akidhani kuna mwingine.

— Kalkuleta za aina hii, alisema Dada Waya, zamani ziliuzwa na kijisanduku chake. Unaichomeka pale, unaiamuru, inaimba. Ule wimbo unaurekodi kwenye kaseti. Siku ikisahau, unaipigia kaseti, inakumbuka yote. Siku hizi kaseti ya nini? Kompyuta itasikiliza wimbo, mimi nitaugeuza kuwa maandishi. Kijisanduku unacho, kaka?

— Chenye waya mwekundu? Mzunguko alisimama. — Kijisanduku kile kichakavu? Si ndicho kinachozuia mlango wa stoo usijifunge!

Alitoka mbio ambazo mtaa ulikuwa haujaziona kwake tangu harusi yake. Alirudi na kijisanduku, vumbi lake, na mjusi mmoja aliyeruka njiani.

— Inaimba vizuri? aliuliza mteja.

— Inalia kama panya aliyekanyagwa mkia, alisema Dada Waya.

— Debe tupu haliachi kuvuma, alisema Mzee Breki kwa huzuni. — Ikilia, ujue ndani hamna kitu.

Waya mwekundu haukuingia popote kwenye kompyuta. Dada Waya aliichomeka kalkuleta kijisandukuni, akarudi kwenye waya. Alikata ncha, akang'oa spika ndogo kutoka kwenye simu iliyokufa, akailehemu pale, akailaza juu ya tundu la maiki ya kompyuta, akafunika yote kwa mto wa kiti cha kinyozi. Kila hatua Mzunguko alikuwa akiisimamia kwa pua, mpaka akaambiwa asogee, anapumulia moto.

— Sasa sharti, alisema Dada Waya. — Magari ya kule barabarani si neno, mto utayazuia. Lakini neno la hapa ubaoni litaingia. Kompyuta haijui sauti ipi ni ya kalkuleta na ipi ni ya Mzee Breki. Likiingia neno moja, mstari umeharibika, na mistari yote inayofuata imepinda. Nataka dakika tatu za kimya.

Kimya. Kwenye ubao ule! Watu walitazamana kama walioambiwa wahame.

— Tatu mfululizo? aliuliza Ushahidi.

— Mfululizo.

— Hakuna mapumziko katikati?

— Jamani, alisema Mzunguko, na safari hii hakutania. — Nimekaa nanyi hapa miaka. Sijawahi kuwaomba kitu. Nawaomba dakika tatu tu.

Ndipo walipoona uso wake. Ushahidi alizima mashine, akavua hata saa yake kwa sababu inagonga. Birika aliepua birika, akavitenganisha vikombe kimoja kimoja visije vikagusana. Mzee Breki, aliyejijua, aliomba taulo la kinyozi, akalikunja, akaliuma.

— Na mimi? iliuliza roshani.

— Na wewe, mama, tafadhali, kama hutajali.

— Basi nakwenda kujinyoosha kidogo. Na msing'oe kitu.

Mlango wa juu ulifungwa. Dada Waya akabonyeza.

Kri-kriii-kri-kri-kriiii. Ilikuwa sauti ndogo, mbaya, yenye makwaruzo, na Mzunguko hajapata kusikia nzuri kama hiyo. Hakuelewa hata tarakimu moja, lakini alijua kinachopita. Ile ngazi ya shule, iliyomkataa mara mbili. Ile ya bwana aliyetaka piano yake ipite. Ile ya kwanza kabisa, aliyokosea kidato cha mwisho, mpaka leo watu wa nyumba ile wanajikwaa palepale na kumtaja. Machozi yakamtoka, akayaacha, maana kuyafuta kungeleta mkwaruzo wa shati.

Wimbo ulikuwa umevuka nusu pale mwanamke mmoja alipokata kona. Mnene, mchangamfu, mkoba wa safari begani, viatu vyekundu kwa vumbi. Alisimama hatua kadhaa kutoka kwenye ubao. Na alichokiona ni hiki: wanaume wameinamisha vichwa, mmoja nusu kichwa amenyolewa, mzee mmoja anauma taulo, kahawa imeepuliwa motoni, mwanamke ameinamia kitu kilichofunikwa, na katikati yao mtu mzima analia bila sauti.

— Hamjambo hapa?

Hakuna aliyeitikia. Watu waliolelewa, watu wenye wazee wao, salamu imefika na hawaitikii! Birika aliona aibu mpaka masikio yakamwasha.

— Jamani, hamjambo? Kuna nini hapa? Nani amefariki?

Swali dogo kama hilo. Mtoto angelijibu. Ushahidi alishika tama. Mzee Breki aliuma taulo kwa nguvu zaidi, machozi ya jitihada yakamlenga, na hilo ndilo lililoharibu mambo kabisa. Mwanamke alizungusha macho, akamwona Mzunguko, na Mzunguko akainua kichwa, akamtambua. Mama Mdogo. Wa keshokutwa. Amefika leo.

Mkoba ulimdondoka begani.

— Mkwe? alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo. — Mkwe, ni dada? Nimechelewa?

Dada Waya aliinua kidole kimoja: bado kidogo, bado kidogo sana. Kalkuleta ilikuwa inalia vidato vya mwisho. Mzunguko alikiona kidole. Aliuona pia uso wa yule mama, midomo inatetemeka, mikono inapanda kichwani. Ukimuuliza leo atakwambia alifikiri. Hakufikiri hata kidogo.

— Yuko hai, mama mdogo! alipiga kelele iliyosikika mpaka sokoni. — Yuko hai! Yuko juu!

Dada Waya alifumba macho.

— Umeingia kwenye wimbo, alisema. — Umeingia mzimamzima.

Lakini nani alikuwa anamsikia? Mlango wa roshani ulikuwa umefunguliwa kwa kishindo.

— Hiyo ni sauti ya nani? Hiyo ni sauti ya nani hiyo?

— Dada!

— Wewe! Si ulisema keshokutwa?

— Nimepata lifti! Shuka basi nikukumbatie!

— Nishukie wapi, mdogo wangu? Ngazi wameinywa!

Mama Mdogo alimtazama Birika, akalitazama jiko, akaona asiulize. Aliitazama ngazi ya kuegemeza kuanzia chini mpaka juu. Akaokota mkoba, akauvaa shingoni, akakunja pindo la gauni na kulifunga fundo.

— Wanaume, geukeni!

Waligeuka wote kama askari, mpaka mteja na nusu kichwa chake, wakalitazama tangazo la mitindo ya nywele la Ushahidi. Nyuma yao waliisikia ngazi ikilalamika, na kwa kila kipago, "Ee Mungu wangu. Ee Mungu wangu." Kisha kimya. Kisha kilio cha watu wawili, kisha kicheko cha watu wawili, na kicheko hicho hakikwisha. Walipothubutu kugeuka, ngazi ilikuwa tupu na mlango wa juu umefungwa.

— Sasa wako wawili, alisema Ushahidi.

Mzunguko alikaa.

— Imekwenda, alisema. — Basi. Nitajenga ngazi zilizonyooka, na watu watapanda hivyohivyo.

— Nani kasema imekwenda? Dada Waya alikuwa ameinamisha sikio kwenye kalkuleta. — Mimi nimesema wimbo umeharibika, sijasema mwimbaji amekufa. Betri ina pumzi moja. Nafasi ya pili hatutapata. Mko tayari?

Hakuna aliyejibu, na hiyo ilikuwa dalili njema. Safari hii walijipanga kama watu wazima. Birika alitumwa kule kwenye kona asimame aitikie salamu za dunia nzima kabla hazijafika ubaoni. Alimwitikia mwenye baiskeli, akamwitikia mwenye mkokoteni, akamwitikia na mtu aliyekuwa akiongea na simu. Ushahidi na mteja wake walishikana mikono. Mzee Breki alirudi kwenye taulo lake, na inaonekana wazo zuri lilimjia katikati, kwa sababu mishipa ya shingo ilisimama, macho yakamtoka, akapiga paja lake kwa uchungu bila kutoa sauti. Hatutalijua wazo lile. Alilimeza.

Kri-kriii-kri. Kriiii. Kri.

Ikanyamaza. Dada Waya aliondoa mto, akagusa hapa, akagusa pale. Kwenye kompyuta ulitokea mstari wa tarakimu, chini yake mwingine, chini yake mwingine, ukurasa ukaanza kukimbia wenyewe.

— Njoo usome, kaka.

Mzunguko alisogeza pua karibu. Alisoma mstari mmoja, akasoma wa pili, kidole kikitembea hewani.

— Hii ni kona ya shule, alisema. — Na hapa... hapa niliongeza baada ya ile piano. Ni yenyewe! Jamani, ni yenyewe yote!

Usiombe uusikie ubao uliozuiwa kusema ukifunguliwa. Mzee Breki alitema taulo, akatoa methali nne kwa mfululizo, hakuna hata moja iliyohusika. Ushahidi aliapa kwamba alijua tangu mwanzo. Mteja alimkumbatia Mzunguko akamwachia nywele zake shatini. Birika, aliyerudi mbio, aliambiwa mara tatu kwamba yeye ndiye aliyesema bibi atasimulia mwenyewe, na kila mara alitaka kusikia tena. Dada Waya alibonyeza kalkuleta kwa mara ya mwisho, haikuitika. Ilikuwa imetoa yote iliyokuwa nayo. Aliifuta vumbi kwa kitambaa cha kichwani mwake, akampa mwenyewe kwa mikono miwili.

Mzunguko aliiweka mfukoni, upande wa moyo, akakimbia mpaka chini ya roshani. Furaha ilimpanda mpaka akasahau kutazama viatu.

— Mama! Hesabu imetoka! Leo hii nakata mbao! Keshokutwa unashuka kwa ngazi yako mwenyewe, uso mbele!

Kicheko cha juu kilikatika. Akangoja shukrani. Badala yake alimwona mkewe, aliyekuwa amepanda na kapu wakati ubao ukishangilia, akichungulia karibu na mama yake, akimtazama yeye, siyo sufuria, na anatabasamu tabasamu la mtu anayejua jambo.

— Mkwe, alisema mama kwa sauti ya chini. — Hebu panda kidogo.

Alipanda vipago vichache, macho yameshikamana na mbao. Mama aliinama juu ya ukingo mpaka akawa kama anamnong'oneza sikioni. Ubao ulijaribu kusikia, haukusikia. Uliona tu fundi akitikisa kichwa, kisha akishuka polepole na kurudi kukaa mahali pake.

— Amesemaje? Amekushukuru?

— Amesema mdogo wake huyu, kila akija, halali zaidi ya usiku mmoja. Mkoba haushuki begani. Asubuhi kabla ya chai yuko mlangoni anaaga, na inapita miaka. Amesema leo huyo mdogo wake ameangalia chini kutoka roshani, kizunguzungu kimemshika, ameapa ile ngazi ya nje hashuki nayo kamwe. Ameshavua viatu. Wamepanga wapike pamoja, wamefungua masanduku ya nguo za zamani.

— Sawa, alisema Ushahidi. — Na wewe umemwambia keshokutwa anashuka.

— Ndiyo. Akaniuliza, "Mkwe wangu, una haraka ya nini?"

Ubao ulinyamaza, na safari hii hapakuwa na sharti la mtu. Mzee Breki alimtazama Ushahidi. Ushahidi alimtazama mteja. Kule juu vicheko vilikuwa vimeanza tena, vimeongezeka na cha tatu, cha binti.

Mzunguko alichukua kikombe.

— Vipimo ninavyo, alisema. — Ila zile mbao, nimezitazama asubuhi, naona hazijakauka vizuri.

— Mbao zile! alisema Ushahidi. — Mbao zile zimekauka mpaka zinalia!

— Hazijakauka, alisema Mzunguko, na akamsogezea Birika kikombe amwongeze.